Siku Kero ya Mferejini Ilipohamishwa

1

Mzee Kiangi hakunywa chai ya asubuhi kabla ya kumshtaki Mama Manka. Alidai chai haishuki vizuri kwenye koo lenye neno lililokwama. Basi jua lilipoanza kugusa kilele cha Kibo, ambacho theluji yake watoto wa siku hizo waliisoma kwenye somo la historia tu, yeye alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake ya bendi ya kanisa, amevuka kidaraja cha mfereji, na amesimama mbele ya nguzo ya mtaa akikohoa kama wakili.

Nguzo ile ilikuwa ya kawaida, sawa na nguzo zote za mji wa Moshi wa zama hizo: taa juu, na kifuani tundu dogo lenye wavu. Ukisema mbele ya wavu, Kiranja, mashine iliyokabidhiwa matengenezo ya mji, anasikia. Ukimwambia kuna shimo barabarani, usiku mafuko ya chuma, mashine zinazochimba kama fuko wa shambani, yanafukua njia yao chini ya lami, yanalijaza shimo na kwenda zao, na asubuhi unalitafuta shimo lako hulioni. Bomba likivuja, waya ukining'inia, taa ikifa, unasema tu. Wazee walikumbuka enzi za kuandikia manispaa barua na kungoja mpaka shimo lipate wajukuu, na kila walipokumbuka walimshukuru Mungu, kisha Kiranja.

"Kiranja, andika," alisema Mzee Kiangi.

"Shikamoo, Mzee Kiangi. Nakusikiliza."

"Marahaba. Andika kwamba Mama Manka ni hatari kwa umma. Jana kapita hapa na ndoo zake, mtaa ukatikisika mpaka makande yangu yakamwagika. Na ubao wa pili wa kidaraja umelegea. Siku akiukanyaga yule Mchaga ataingia mferejini mzima mzima, maji yatakosa pa kupita, na watu wa mtaa wa chini watalala na kiu. Nimemaliza."

"Umemaliza?" Sauti ilitoka bandani kwa ng'ombe, kisha akatokea mwenyewe, mwanamke mnene wa miaka sabini na kitu, kanga kiunoni, mwiko mkononi. "Basi sogea, na wenye akili nao waseme. Kiranja mwanangu, andika upesi mtori wangu usije ukaungua. Huyu Mpare jana kapuliza tarumbeta lake tena. Ng'ombe wangu kagoma kutoa maziwa, anadhani kuna mwenzake anachinjwa. Hayo makande anayoyalilia aliyapika Jumatatu; leo Alhamisi bado anayapasha moto. Na bati la paa lake, upande wa bafuni, limeachia msumari. Upepo ukija litamkata kichwa. Si kwamba tutapoteza kitu cha maana, lakini damu itachafua njia ya watu."

"Nimepokea," alisema Kiranja.

Mama Manka aliingia ndani, akatoka na bakuli la mtori wa ndizi lililofunikwa kwa sahani, akamsukumia mzee kifuani. Mzee Kiangi alilipokea akilalamika kwamba chumvi haitoshi, kabla hajaonja. Ndipo akaenda kunywa chai yake.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote. Wapare na Wachaga ni watani tangu mababu. Mtani wako atakutukana mbele ya wakwe, na ukikasirika wewe ndiye uliyeshindwa. Mtaa mzima ulilijua hilo, hata ng'ombe alilijua. Asiyelijua alikuwa mmoja tu, na kwa bahati mbaya ndiye aliyekuwa akiandika.

2

"Nakiete," alisema Kiranja, "nina shauri la utulivu wa mtaa."

Nakiete Mbwambo aliweka kikombe cha uji mezani, ukumbini kwa manispaa. Alikuwa mthibitishaji wa manispaa, kazi iliyobaki mikononi mwa binadamu kwa sababu madiwani walikataa katakata mashine imhukumu mtu bila mtu mwingine kukubali. Mashimo na mabomba Kiranja aliyamaliza mwenyewe. Lakini tangu masika yaliyopita alikuwa amekabidhiwa pia malalamiko ya watu juu ya watu, na hayo hayakutekelezwa mpaka Nakiete aseme neno lake.

"Mtaa wa Mferejini," Kiranja aliendelea. "Majirani wawili wanashtakiana kila asubuhi. Hakuna mtaa mwingine mjini wenye malalamiko mengi hivi baina ya watu wawili. Wamepita kiwango. Sheria inataka watenganishwe. Mzee Kiangi atapewa nyumba nzuri Stesheni Mpya, upande wa pili wa mji. Mama Manka atabaki kwa kuwa ana ng'ombe, na ng'ombe hapendi kuhama."

"Nisikilizishe."

Kiranja alimsikilizisha. Nakiete aliposikia habari ya makande ya Jumatatu alicheka mpaka uji ukampalia. Yeye mwenyewe alikuwa Mpare, na kwao makande ya Jumatatu yalifika Ijumaa bila wasiwasi wowote.

"Umecheka," alisema Kiranja. "Kuna nini?"

"Hawa ni watani, Kiranja. Hawachukiani hata kidogo. Na sikiliza vizuri: kila tusi lina hatari ya kweli ndani yake. Ubao, bati, waya uliolegea juu ya kamba ya nguo. Wanalindana."

"Hatari hizo nimezirekebisha. Ubao umekazwa, bati limepigiliwa. Mferejini ndio mtaa wenye majeraha machache kuliko yote. Lakini ukiondoa hatari, matusi yanabaki. Na wewe unajua kifungu cha kwanza."

Nakiete alikijua. Kilikuwa kimechorwa kwenye ukuta wa ukumbi, nyuma ya kiti chake, kwa herufi kubwa za buluu: HAKUNA LALAMIKO LITAKALOANDIKWA KUWA NI UTANI.

Alikijua kuliko mtu yeyote pale ndani, maana kifungu kile kilitungwa kwa ajili ya shangazi yake. Shangazi Furahini alikuwa mshonaji. Jirani yake alimtupia mawe mlangoni, akamtolea maneno ya vitisho, na kila alipokwenda kulalamika, maofisa walicheka: aa, mama, huyo anakutania tu, si mtani wako? Mpaka siku jiwe lilipompata jichoni. Shangazi Furahini alitembea mtaa kwa mtaa na jicho lake moja, akikusanya watu, na hakupumzika miaka yote hiyo, mpaka masika yaliyopita madiwani walipoandika maneno yale ukutani na kumkabidhi kazi ile Kiranja, ambaye hana kicheko.

"Una majibu mawili," alisema Kiranja kwa upole. "Ukisema ni kweli, wanatenganishwa. Ukisema ni uzushi, wote wawili wanafungiwa sauti mwaka mzima. Nguzo haitawasikia."

Nakiete alifikiria Mferejini bila sauti za wale wawili. Nani angeona ubao uliolegea? Halafu akamfikiria Mzee Kiangi akisimama asubuhi mbele ya nguzo isiyomjibu.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

"Kesho asubuhi," alikubali Kiranja. "Punda wa kubebea mizigo nimekwisha kuwaandaa. Sipendi kukawia."

3

Jua lilikuwa limepoa kidogo Nakiete alipofika Mferejini. Mama Manka alikuwa akikata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Mbwambo, sivyo? Nakuona tu. Mpare akipita naona njia imejaa kesi. Umekuja kumshtaki nani?"

Nakiete alimweleza yote, polepole: sheria, kuhama, Stesheni Mpya. Panga la Mama Manka lilisimama hewani. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa bibi kizee tu, bila mzaha wowote.

"Kesho?" aliuliza.

"Kesho. Lakini ukienda sasa hivi nguzoni ukasema kwa maneno yako, waziwazi, kwamba Mzee Kiangi ni rafiki yako na hutaki aondoke, Kiranja hana la kufanya. Shauri linafutika hapo hapo."

Mama Manka alitazama ng'ambo ya mfereji. Mzee Kiangi alikuwa kibarazani kwake akisugua tarumbeta kwa kitambaa, na kwa hakika masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Nimwambie Mpare asiondoke?" alisema Mama Manka, na sauti ilipanda ili ivuke maji. "Niombe nini tena duniani? Nimeomba mvua, nimeomba ndama jike, na hili la tatu Mungu kanipa kabla sijaomba! Mchukueni! Mchukueni na tarumbeta lake, msiache hata kofia!"

"Na mimi nimekubali!" alijibu Mzee Kiangi kutoka ng'ambo. "Huko Stesheni nitalala usiku! Hapa nasikia Wachaga wakihesabu hela hata usingizini!"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa mfereji, na Nakiete katikati ya kidaraja akatamani kuwagonganisha vichwa.

Alimfuata mzee kibarazani. Alipokaa karibu naye aliona kitambaa kinasugua pale pale palipokwisha kung'aa.

"Mzee, hii si ya kucheka. Punda wanakuja kweli."

"Najua, mwanangu."

"Basi sema neno moja. Nani atakuona umedharaulika?"

Mzee Kiangi aliweka tarumbeta magotini. "Mke wangu alipofariki," alisema, "walikuja watu wengi. Wote walinishika mkono, wote pole, pole, mpaka nikaona nazama kwenye hizo pole. Huyu akaja. Akaketi kwenye kiti changu, hiki hapa, akasema hainuki mpaka nimlipe, kwa sababu nimemwalika msibani bila kumwambia alete njaa kiasi gani. Akachukua na kofia yangu akaivaa. Nikacheka, Nakiete. Mbele ya jeneza la mke wangu nilicheka, na nikajua sitakufa mwaka ule. Sasa nikamwombe abaki rafiki yangu? Mimi na yeye hatujawahi kuombana. Nikianza kumbembeleza leo, kesho ataniletea mtori kwa huruma. Nitaunywaje?"

Nakiete alijua tu kwamba anampenda mzee huyu, na kwamba mzee huyu ni mkaidi kama nyanya yake mwenyewe.

4

Asubuhi alifika ukumbini mapema, akasimama mbele ya maandishi ya buluu. Kuandika uzushi kungekuwa uongo, maana maneno yalisemwa, na hatari zilizotajwa zilikuwepo. Kuyafuta maneno ya ukutani asingeweza, na hata kama angeweza asingethubutu. Leo angemfungulia mlango mtani wa kweli, kesho mtupa mawe angepita mlango ule ule akisema, nilikuwa namtania. Shangazi yake alilipa jicho zima ili mlango ule ufungwe.

Alimkumbuka shangazi katika miezi ile ya mawe. Maneno yake hakuyakumbuka sana, alikuwa bado mdogo. Alikumbuka njia. Walikuwa wakienda sokoni kwa kuzunguka nyuma ya shule, kupitia uwanjani, kupanda kilima na kushuka, ili tu wasipite mbele ya mlango wa yule jirani. Nakiete alilalamika miguu inauma. Shangazi alimwambia, twende tu, huku ndiko kuzuri. Hata kitanda alikihamishia chumba cha nyuma.

Nakiete aligeuka ghafla.

"Kiranja, lami inajua watu, sivyo?"

"Inajua uzito na mwendo," alisema Kiranja. Macho hakuwa nayo. Hayo madiwani walimnyima. Lakini chini ya kila barabara ya mji kulitandazwa nyuzi nyembamba zilizohisi kila unyayo, na watu, kumbe, hutembea kila mmoja kwa namna yake, hata viatu wakibadili. "Nazitumia kukadiria wapi barabara itachakaa. Kwa shughuli nyingine sijaombwa."

"Leo nakuomba. Naandika kweli. Watenganishe. Lakini sheria inaniruhusu kuweka sharti la ufuatiliaji kwa siku ya kwanza, na sharti langu ni hili: mdomo umeusikiliza mwaka mzima. Leo fuatilia miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya mlalamikaji atakayebaki Mferejini. Jioni uniambie imekwenda wapi."

Alikuwa amekwisha kutamka neno lake. Kama Mama Manka angebaki bandani kwa ng'ombe wake, basi Nakiete ndiye angekuwa amemtenga mzee na mtu pekee aliyeweza kumchekesha. Na uthibitisho ukishatolewa hauna marudio, ila ufuatiliaji ukionyesha kwamba hatua imeshindwa.

5

Punda wa chuma walifika Mferejini kwa adabu, wakapiga magoti mbele ya nyumba ya Mzee Kiangi, wakaanza kupakia. Kitanda, masufuria, picha ya marehemu kwenye fremu, viroba viwili vya mahindi. Mtaa wote ulitoka nje. Watu wakasimama tu wameshika tama.

Mzee Kiangi alitoka amevaa sare kamili ya bendi, vifungo vinang'aa. Alipanda juu ya punda wa mwisho, akaketi kwenye kiti chake kilichofungwa kwa kamba, tarumbeta mkononi.

"Kwaheri ya kuonana, Mchaga!" aliita. "Ukikosa wa kumtukana, mtukane ng'ombe. Mnafanana akili!"

"Nenda, nenda!" alijibu Mama Manka kutoka langoni. "Leo ndiyo sikukuu yangu!" Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Punda wakaanza kutembea. Nakiete, aliyesimama kando ya nguzo, aliutazama ule mlango uliofungwa. Punda wakavuka kidaraja. Wakapita duka la kona. Mlango haukufunguka. Akawa anajitukana mwenyewe kimoyomoyo kwa kuweka maisha ya watu kwenye bahati nasibu.

Ndipo mlango ukapigwa teke kutoka ndani, kwa kuwa mwenye mlango hakuwa na mkono wa kuufungulia. Mkono mmoja ulibeba sufuria la mtori lililofungwa kwa kanga, wa pili ulibeba blanketi, na kichwani palikaa kofia ya zamani ya bendi, ile iliyochukuliwa msibani na isiyorudishwa.

"We Mpare!" Mama Manka alipaza sauti akishuka barabara kwa kasi ambayo hakuna aliyeidhania. "Mwizi wewe! Umeondoka na bakuli langu! Kiranja, andika! Ameniibia bakuli!"

Mzee Kiangi aligeuka kitini. Uso wake ulichanua hata wa mbali waliuona. Aliinua tarumbeta mdomoni akapuliza wimbo wa harusi, vibaya kuliko siku zote.

Basi mtaa mzima ukalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakakimbilia mbele ya punda, mwenye duka akafunga duka, na kundi lote likaingia barabarani nyuma ya Mama Manka. Kwenye kila nguzo alisimama, akaweka sufuria chini, akalalamika. Nguzo ya sokoni: "Andika, ananiziba masikio!" Nguzo ya njia panda: "Andika, kofia yake inanibana, kichwa chake ni kidogo kama cha kuku!" Nguzo ya hospitali, kwa sauti ya chini kidogo kwa heshima ya wagonjwa: "Andika, punda hawa wanamtikisa. Ana mgongo mbovu huyu, waambie waende taratibu." Na punda wakapunguza mwendo.

Watu wa mitaa mingine walitoka kuuliza ni harusi ya nani. Walipoambiwa ni kero inahamishwa, nao wakafuata, maana kero inayosindikizwa kwa tarumbeta haionekani kila siku.

Walipofika Stesheni Mpya, Nakiete alikuwa amekwisha kuvua viatu na kuvishika mkononi. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, yenye dari safi na bustani. Punda walipopiga magoti na mzee akashuka, Mama Manka alikishusha kiti cha mzee kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka kibarazani, akaketi juu yake.

"Siinuki," alisema, akihema. "Nadai bakuli langu."

"Bakuli liko chini ya kitanda, na kitanda kimefungwa," alisema Mzee Kiangi.

"Basi nitangoja."

"Utangoja mpaka lini?"

"Mimi nina haraka gani? Ng'ombe nimemwachia majani ya siku nzima."

Mzee Kiangi alivua kofia yake akajipangusa uso, na alijipangusa kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyotaka. Mama Manka alifunua sufuria, akamchotea mtori. Naye akasema chumvi haitoshi.

6

"Nakiete." Sauti ilitoka kwenye nguzo ya Stesheni Mpya, na ilikuwa ya chini, kana kwamba Kiranja hakutaka wengine wasikie. "Nina taarifa ya miguu."

"Niambie."

"Sielewi ninachokiona. Nimewatenganisha, na malalamiko yameongezeka. Mlalamikaji amevuka mji mzima ili aje alalamike. Nimerudi nyuma nikatazama mwaka mzima. Kila anapotoka nyumbani, kwenda popote, hupita mbele ya mlango wa anayemlalamikia. Hata kanisani, ambako kuna njia fupi zaidi, hupita kwake kwanza. Na mzee hufanya vivyo hivyo. Nimewatazama na wengine wote walioleta malalamiko ya namna hii. Wao huzunguka. Wanachukua njia ndefu. Yuko mama mmoja Mtaa wa Kinu ambaye hapiti kabisa mbele ya nyumba ya jirani yake, na amelalamika mara moja tu, kwa maneno ya adabu. Nilikuwa nimemweka mwisho wa foleni."

Nakiete alishika nguzo kwa mkono. "Mtoe mwishoni," alisema. "Mtoe sasa hivi. Mweke wa kwanza. Mimi mwenyewe nitakwenda kwake leo hii, kabla sijalala."

"Nimemtoa." Kisha Kiranja akasema, polepole, "Anayekerwa huikimbia kero. Huyu anaifuata. Je, hicho ndicho kinachoitwa utani?"

Nakiete alimkumbuka shangazi yake akipanda kilima nyuma ya shule, na machozi yakamlengalenga, ya furaha na ya mambo mengine. Maneno ya ukutani yangebaki palepale, hakuna herufi itakayofutwa. Lalamiko halingeandikwa kuwa utani kwa sababu mtu fulani kacheka. Lakini kuanzia leo miguu nayo ingetoa ushahidi, kwa ajili ya wale wawili kibarazani na kwa ajili ya yule mama wa Kinu.

"Hicho hicho, Kiranja," alisema.

"Basi kuwatenganisha kumeshindwa. Sheria inasema hatua iliyoshindwa hurudishwa ilivyokuwa." Na papo hapo punda wakainuka, wakaanza kupakia upya mizigo waliyokuwa wameanza kuishusha.

Kelele zilizopigwa pale Stesheni Mpya zilisikika mpaka reli ya zamani. Mzee Kiangi alipinga sana. Alisema amekwisha kuipenda nyumba ile, alisema dari yake ni safi, alisema anarudishwa kwa nguvu, na muda wote huo alikuwa akipanda juu ya punda. Safari hii walimpandisha na Mama Manka, akiwa bado kwenye kile kiti, kwa sababu alikataa kuinuka kabla ya kuona bakuli.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama waliporudi kwenye kidaraja cha mfereji. Wale waliobaki nyumbani walikuwa wamejipanga kando ya njia. Tarumbeta lilipiga mara ya mwisho, ng'ombe akajibu, na hapo nguzo ya mtaa ikawaka taa yake kabla ya wakati.

"Tangazo kwa wakazi wa Mferejini," alisema Kiranja, kwa sauti kubwa ambayo hakuwahi kuitumia ila kwa mafuriko. "Kero yenu imerudi. Poleni."

Mama Manka akashika mbavu, akacheka mpaka punda aliyembeba akayumba, na mtaa ukacheka naye, na Nakiete akaketi ukingoni mwa mfereji akacheka nao.

Mzee Kiangi peke yake hakucheka. Alishuka, akarekebisha kofia, akaenda akasimama mbele ya wavu wa nguzo, akakohoa.

"Umesema nini, wewe nguzo?"

"Nimesema kero imerudi, Mzee Kiangi," alijibu Kiranja, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na wasiwasi. "Nimekosea?"

Mzee aliitazama nguzo juu mpaka chini, polepole, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi bila kukaribishwa.

"Umekosea," alisema. "Mtani hasemi poleni." Akaupigapiga wavu kwa kiganja, kama bega la mtu. "Kesho asubuhi njoo na tusi jingine. Nitakungoja hapa, kabla ya chai."